Chai ya ulongi: lifuate jani kabla hujamfuata muuzaji

Kama upo kwenye kundi lolote la akina mama la WhatsApp, tangazo hili umeshakutana nalo. Pakiti ya kijani au ya dhahabu, maandishi ya Kichina, picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, na chini yake ahadi zimepangwa: inayeyusha mafuta ya tumbo, inasafisha mwili, haina kafeini, anayenyonyesha anakunywa bila wasiwasi, hata mtoto anapewa. Jina limeandikwa Oolong. Wauzaji wengi wanaitamka ulongi, nami nitaiita hivyo hivyo.

Mwenzangu mmoja hapa ofisini alipoliona jina hilo kwenye simu yangu alicheka akauliza, "Ni ulongi au ulongo?" Chai yenyewe ni ya kweli, tena ni moja ya chai zinazoheshimika sana duniani. Ulongo uko kwenye maelezo yanayoambatana nayo.

Maswali mliyonitumia kuhusu chai hii yanarudi kwenye mambo matatu: kama inapunguza unene, kama mjamzito anaweza kuinywa, na kama mtoto anaweza kupewa. Ningeweza kuyajibu kwa mistari mitatu tukaendelea na shughuli nyingine. Lakini wiki ijayo litakuja tangazo jipya lenye jina jipya, na mtauliza tena. Ni afadhali tulifuate jani lenyewe, kutoka mtini hadi kikombeni, tuone njiani linapoteza nini na linabaki na nini.

Mmea ni ule ule

Chai ya rangi unayonunua dukani kwa Mangi, chai ya kijani ya kwenye vikopo vya bei, na hii ulongi, zote zinatoka kwenye mmea mmoja. Wataalamu wanauita Camellia sinensis. Mchai wa Mufindi, Rungwe, Kericho au Limuru na mchai wa China ni ndugu. Kinachozitenganisha chai hizi kwa sehemu kubwa ni yale yanayofanyika baada ya jani kuchumwa.

Umewahi kumenya ndizi mbichi ukaziacha juu ya meza wakati unatafuta sufuria? Ukirudi zimeshaanza kuwa nyeusi. Ndani ya tunda au jani kuna vimeng'enya ambavyo vimetengwa na kemikali nyingine kwa kuta nyembamba. Ukikata au ukiponda, kuta zinavunjika, vitu hivyo vinakutana, hewa ya oksijeni inaingia, na rangi inageuka. Kwenye jani la chai, kemikali zinazogeuzwa ni zile zinazoitwa polifenoli. Zikigeuka, jani linatoka kwenye ukijani kwenda kwenye wekundu na weusi, na ladha na harufu vinabadilika pia.

Joto linakomesha kazi hiyo. Kiazi kibichi ukikikata kinabadilika rangi, lakini ukishakichemsha kinabaki vilevile, kwa sababu vimeng'enya vimeharibiwa na moto.

Kwa hiyo fundi wa chai ana maamuzi mawili makubwa: jani liumizwe kiasi gani, na moto uingie saa ngapi. Kwenye chai ya kijani moto unaingia mapema, kabla jani halijageuka. Kwenye chai ya rangi jani linapondwa na kuachwa ligeuke lote. Ulongi inakaa katikati, na katikati hapo ni papana: zipo zilizogeuka asilimia 10 hivi, zinazokaribia chai ya kijani, na zipo zilizofika hadi 80, ambazo ukipewa bila kuambiwa utadhani ni chai ya rangi.

(Viwandani kwetu hatua hii mara nyingi huitwa kuchachusha. Jina limezoeleka, ila hakuna chachu inayofanya kazi hapo kama kwenye togwa. Kwa hiyo anayekuuzia ulongi kama "chai yenye bakteria wazuri wa tumbo" amechanganya mambo.)

Usiku mmoja Anxi

Nyumbani kwa chai hii ni mkoa wa Fujian, kusini mashariki mwa China, hasa milima ya Wuyi na wilaya ya Anxi. Jirani yake, Guangdong, wanatengeneza ya kwao, na ng'ambo ya bahari kuna Taiwan, ambako mbegu na ufundi vilipelekwa kutoka Fujian. Nitaieleza ya Anxi, inayoitwa Tieguanyin, kwa sababu ndiyo utakayoikuta mara nyingi kwenye pakiti: vidonge vidogo vya kijani kibichi, kama punje zilizokunjamana.

Anza na kuchuma. Sisi tumezoea kusikia majani mawili na chipukizi. Kwa ulongi wanasubiri. Wanaliacha chipukizi la juu lifunguke, ndipo wanachuma tawi dogo lenye majani matatu au manne yaliyokomaa kidogo. Jani changa mno lingechanika kwenye kazi inayokuja. Siku inayopendwa ni yenye jua, na saa zinazopendwa ni kuanzia kama saa nne asubuhi umande ukishakauka, hadi alasiri.

Majani yakifika nyumbani yanatandazwa juani jioni, jua likiwa limepoa, kwa muda mfupi tu. Lengo ni yanyauke kidogo, yalegee, yapoteze ule ugumu wa kuvunjika. Kisha yanaingizwa ndani, mahali penye ubaridi, yapumzike.

Baada ya hapo inakuja kazi inayoifanya ulongi kuwa ulongi: kutikisa. Kwa njia ya zamani, fundi anashika ungo mkubwa wa mianzi na kuyarusha majani kwa mzunguko, karibu kama mama anavyopepeta mchele, ila hapa hakuna pumba za kutoa. Anataka majani yagongane na yasuguane na ungo, kingo zake ziumie huku katikati pabaki pazima. Siku hizi wengi wanatumia pipa refu la mianzi linalozungushwa na mota, lakini wazo ni lile lile. Anatikisa dakika chache, anayaacha yapumzike saa moja au zaidi, anarudi anatikisa tena, safari hii kwa muda mrefu kidogo. Mara tatu, nne, hata tano. Usiku unapita hivyo.

Kila yakipumzika, unyevu uliobaki kwenye kikonyo unasambaa tena kwenye jani, na jani lililokuwa limelala linanyanyuka. Kingo zilizoumia zinageuka nyekundu. Harufu nayo inahama: mwanzo ni majani mabichi yaliyofyekwa, baadaye maua, na ukichelewa zaidi, matunda yaliyoiva. Fundi anainamisha uso kwenye ungo na kunusa. Joto la chumba likipanda, mvua ikinyesha, majani yakiwa mazito kuliko ya jana, saa zote zinabadilika, ndiyo maana hakuna ratiba ya kubandika ukutani. Huko wana usemi wa kazi kwamba jani zuri lina sehemu tatu nyekundu na saba za kijani. Mimi nilipolielewa hili ndipo nikaelewa kwa nini ulongi halisi ina bei. Mtu amekesha.

Harufu ikifika anapotaka, moto. Majani yanatupwa kwenye karai la chuma lenye joto kali, au kwenye pipa la chuma linalozunguka, kwa dakika chache yakigeuzwageuzwa. Vimeng'enya vinakufa, mgeuko unasimama hapo ulipofika.

Yakiwa bado ya moto na laini, yanafungwa kwenye kitambaa kikubwa, yanakazwa kuwa mpira mgumu na kuviringishwa. Yanafunguliwa, yanatenganishwa, yanapashwa moto kidogo, yanafungwa tena. Hii inarudiwa mara nyingi sana, makumi ya mara, mpaka kila jani lijikunje kuwa kidonge. Wuyi hawafanyi vidonge. Wao wanayasokota kwa urefu, yanatoka kama vijiti vyeusi.

Halafu yanakaushwa. Vikonyo vinachambuliwa kwa mkono, kazi ambayo mara nyingi inafanywa na wanawake, wakikaa mezani saa nyingi, jani moja baada ya jingine. Mwisho ni kuchoma kwa moto mdogo, tena kwa saa kadhaa. Wuyi ndio mabingwa wa hapa: wanatumia mkaa uliofunikwa na jivu, chai iko juu kwenye kapu la mianzi, na wanaweza kuichoma, kuiacha ipumzike, kisha kuichoma tena. Ndiyo inayopata ile ladha nzito inayokumbusha karanga zilizokaangwa.

Kilo moja ya chai kavu inakula kilo nne au tano za majani mabichi. Hilo ni kweli kwa chai nyingi, pamoja na zetu.

Chai yetu ya kawaida ina safari fupi zaidi. Majani yananyaushwa kwa saa kadhaa, yanapitishwa kwenye mashine yenye rola za meno zinazoyakata, kuyachana na kuyakunja kuwa chembe ndogo, yanaachwa yageuke kwa saa moja au mbili hivi, yanakaushwa kwa hewa ya moto. Mashine hiyo ilianzia Assam, India, miaka ya 1930. Kwa sababu chembe ni ndogo, chai inatoa rangi haraka na inabeba maziwa vizuri, na ndivyo tunavyoipenda.

Kilichobadilika na kilichobaki

Sasa rudi kwenye lile tangazo. Katika safari yote hiyo, umeona mahali ambapo kafeini imetolewa? Hakuna. Mgeuko wa rangi haugusi kafeini kwa namna ya kuiondoa, na karai la moto haliiondoi. Kuitoa kafeini kunahitaji kazi nyingine maalumu ya kiwandani, na chai iliyofanyiwa hivyo huandikwa wazi kwenye pakiti. Kikombe cha ulongi cha kawaida kina miligramu 30 hadi 50 hivi, kutegemea umeweka majani kiasi gani na umeyaloweka muda gani. Chai ya rangi iko karibu na hapo hapo.

Ni kweli kwamba jani lililokomaa lina kafeini kidogo kuliko chipukizi, na ulongi hutumia jani lililokomaa. Lakini wanaoinywa kwa desturi ya Kichina wanajaza majani mengi kwenye birika dogo, na wanaongeza maji tena na tena. Hesabu inarudi pale pale.

Na mafuta ya tumbo? Zipo tafiti zilizoangalia kama ulongi inaongeza kidogo nishati ambayo mwili unatumia. Nyingi ni ndogo, watu wachache, muda mfupi, na ongezeko lenyewe ni dogo. Hakuna kitu kwenye ungo, karai au mkaa ambacho kinaligeuza jani la chai kuwa dawa ya kitambi. Ukiacha soda mbili kwa siku ukanywa ulongi isiyo na sukari, unaweza kupungua. Ungeacha soda ukanywa chai ya rangi isiyo na sukari, au maji ya mtungini, ungepungua vilevile kwa bei nafuu zaidi.

"Lakini mimi nilikunywa, dada, na nikapungua kilo tatu kwa wiki moja," ameniandikia msomaji mmoja. Nilimuuliza kama alikuwa anaharisha. Akasema, "Sana, ila waliniambia ndiyo uchafu unatoka."

Mama, hiyo haielekei kuwa kazi ya jani la chai.

Mwage kwenye sahani

Baadhi ya chai zinazouzwa kwa ajili ya kupungua zinachanganywa na sanamaki, majani ambayo bibi zetu wanayafahamu vizuri kama dawa ya choo. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula sehemu kubwa kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvichumvi za mwili, ikiwemo potasiamu, ambayo moyo unaihitaji. Kilo zinarudi ukinywa maji. Matumizi ya kila siku kwa muda mrefu yana madhara. Na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango kuna hatari ambayo haitajwi kwenye tangazo: kuharisha sana kunaweza kuzuia kidonge kisinyonywe vizuri. Mtu anatafuta kiuno, anapata ujauzito.

Kwa kuwa sasa unajua jani limepita wapi, unaweza kulikagua. Chukua kijiko cha hiyo chai, au chana kifuko chake, mimina maji ya moto, subiri dakika tano, kisha mwaga majani kwenye sahani nyeupe na uyanyooshe kwa kidole.

Ulongi halisi ya vidonge inafunguka na kuwa jani zima au karibu zima, nene kidogo, laini kama ngozi. Pembeni utaona vimeno vidogo kama vya msumeno. Jani la chai lina meno. Kwenye nyingi utaona wekundu kwenye kingo na ukijani katikati, alama ya ule usiku wa kutikisa. Ulongi nyingine za kisasa za Anxi huondolewa kingo hizo, na zilizochomwa sana huwa nyeusi zote, hivyo kukosa wekundu peke yake si ushahidi wa uongo. Meno ndiyo ya kutafuta kwanza.

Jani la sanamaki ni dogo, jembamba, lina ncha, na ukingo wake ni laini, hauna meno. Ukiyaona mawili kwenye sahani moja, umepata jibu. Ukikuta vumbi tu na vipande vya mimea usivyovitambua, hapo hujanunua ulongi, hata kama pakiti ina joka.

Kuna jambo ambalo sahani haiwezi kuonyesha. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali, ikiwemo ya Marekani, zimewahi kukuta dawa iitwayo sibutramini imefichwa kwenye chai na kahawa za kupunguza uzito. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa ya damu. Ni unga, hauonekani. Chai ikikupa mapigo ya moyo ya haraka, kinywa kikavu na kukosa hamu ya kula kabisa, iache, nenda kituo cha afya, na uende na pakiti yake.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto

Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku kupunguza. Baadhi ya nchi zinaweka kikomo cha 200. Kwa hiyo kikombe kimoja au viwili vya ulongi halisi kwa siku havimtishi mjamzito, ila ahesabu pamoja na chai ya asubuhi, kahawa, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Chai ya kupungua, ya aina yoyote, asiiguse. Anayenyonyesha naye ajue kwamba kafeini kidogo inapita kwenye maziwa, na kichanga anachelewa kuitoa mwilini. Mtoto akiwa hatulii na halali, punguza uone.

Kinachonisumbua zaidi ni vile vidonge vya madini ya chuma mnavyopewa kliniki. Wengi wanavimeza asubuhi na chai. Polifenoli za chai, zile zile zinazogeuka rangi kwenye ungo, zinashikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasinyonywe. Kugeuka rangi hakuondoi tabia hiyo; ulongi, ya kijani na ya rangi zote zinafanya hivyo. Meza kidonge kwa maji, na chai isogeze mbele saa moja au mbili.

Hayo hayo ni kwa mtoto, tena kwa uzito zaidi. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo, mtoto mdogo anayeshushia ugali na maharage au mchicha kwa kikombe cha chai ananyimwa sehemu ya madini ya chuma yaliyokuwa kwenye chakula hicho, na mboga na maharage ndivyo vyanzo vinavyoathirika zaidi na chai. Upungufu wa damu kwa watoto wetu ni tatizo kubwa tayari. Mpe maji, maziwa, au kipande cha chungwa ambacho vitamini C yake inafanya kinyume, inasaidia chuma kinyonywe. Kwa aliye chini ya miaka miwili sioni sababu ya chai yoyote, iwe ya Mangi au ya Anxi.

Ukiwa mtu mzima mwenye afya na umepata ulongi nzuri, inywe. Weka kijiko kidogo kwenye kikombe, maji yaliyotoka kuchemka, dakika mbili au tatu, bila maziwa, na sukari ijaribu kuiacha. Usiyatupe majani: yanafaa kwa maji ya pili, ya tatu, hata ya nne, na mara nyingi ya pili ndiyo matamu kuliko yote, kwa sababu kidonge kimeshafunguka. Fanya hivyo kabla ya saa kumi jioni kama usingizi wako ni wa shida.